Karma ni Kusudi, Shukrani ni Hesabu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa nafasi ya kusema juu ya karma na shukrani kwa mtazamo wa Kibuddha, na jinsi mambo hayo yanavyoweza kumwamsha mtu asubuhi akaifanya kazi yake kwa moyo. Nitaanza na karma, maana neno hilo liliharibika sana njiani kabla ya kutufikia.

Sisi tumelipokea kupitia simu. Mtu aliyedhulumu kiwanja akipata ajali, watu wanaandika chini ya picha yake: "Karma." Aliyemwacha mkewe naye akiachwa: "Karma hailali." Tumelifanya ndugu wa usemi wetu wa zamani, malipo ni hapa hapa duniani, na yote mawili tunayatamka kwa kuridhika fulani, tena juu ya mwenzetu. Mtu akivunjika mguu wake mwenyewe hasemi malipo ni hapa hapa. Anasema kuna mkono wa mtu.

Kwa Kipali, lugha iliyoyahifadhi mafundisho ya Buddha, yule mwalimu wa India ya kale, kwa kukaririwa miaka mingi kabla hayajaandikwa kule Sri Lanka, neno ni kamma. Kwa Kisanskriti, lugha nyingine ya kale ya India, ndiyo hiyo karma. Maana yake ni tendo, basi. Malipo hayamo ndani ya neno. Kinachofuata baada ya tendo kina jina lake, vipaka, yaani kuiva, kama embe linavyoiva. Kisha Buddha akalibana neno zaidi. Alisema anachokiita karma ni kusudi, kwa kuwa mtu hukusudia kwanza, ndipo akatenda kwa mwili, kwa ulimi au kwa wazo.

Mtoto akiangusha kikombe kikavunjika, mama huuliza swali moja: "Umefanya makusudi?" Kikombe ni kilekile, vigae sakafuni ni vilevile, lakini jibu la mtoto linageuza yote yatakayofuata. Mama huyo ameshaifundisha karma jikoni kwake bila kulijua neno.

Waislamu waliomo humu naona wanatabasamu, kwa sababu wanaijua hadithi ya matendo kuhesabiwa kwa nia. Ukaribu upo, na tofauti nayo ipo, si ndogo. Katika fundisho la Buddha hakuna hakimu anayeandika. Kusudi linamfinyanga mwenye kulikusudia: unachokiwaza mara kwa mara, moyo huinama upande huo, na kesho kukiwaza tena inakuwa rahisi zaidi. Anayedanganya leo kwa taabu, mwezi ujao anadanganya bila kutoka jasho. Hilo jasho lililokauka ndilo tunda la kwanza la tendo lake, kabla hata polisi hawajamfikia. Sikuja hapa kumbadilisha mtu dini. Haya niliyonayo ni mazoezi, na mengi yake yanafanyika na mtu wa imani yoyote.

Sasa kuna kosa linalozaliwa papo hapo, na ndilo lenye madhara kuliko yote. Mtu anasema: kama matendo huiva, basi kila ninachokipata leo ni mavuno ya zamani. Nimezaliwa maskini, karma. Mtoto anaumwa, karma. Mtu mmoja wa wale watafutaji waliozunguka India bila makazi, aitwaye Sivaka, alimuuliza Buddha jambo hilohilo: kuna walimu wanaosema raha na maumivu yote anayoyapata mtu yanatokana na aliyoyatenda zamani, wewe wasemaje? Jibu alilopewa ni la mganga. Buddha alitaja vyanzo vinane vya maumivu: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, hivyo vitatu vikichanganyika, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kuumizwa ghafla, na cha nane ndiyo karma. Vile vinne vya mwanzo ni utabibu wa India wa zama zile. Lakini angalieni hesabu: chanzo kimoja kati ya vinane.

Kwa hiyo malaria inaletwa na mbu. Kipindupindu kinaletwa na maji machafu. Anayekwenda wodini na kumnong'oneza mgonjwa kwamba anavuna alichopanda hana ruhusa ya Buddha kusema hivyo. Tena kuna mambo manne ambayo Buddha aliwakataza wafuasi wake kuyachimba, kwa kuwa hayana mwisho na humtia mtu wazimu. Mojawapo ni kutafuta tendo gani hasa limezaa tukio gani. Ukijikuta unafanya uchunguzi wa namna hiyo juu ya jirani, funga faili.

Sababu ya Buddha kukataa kwamba yote yanatokana na ya zamani ni hii, na ndiyo inayotuhusu leo. Kama yote yameshaamuliwa na jana, hamu ya kufanya jambo jema leo inakufa, na juhudi nayo inakufa, kwa kuwa hata mwizi anaweza kusema anaiba kwa ajili ya jana yake. Jana imekuweka mahali unaposimama, sawa. Hatua ya mguu unaoinua sasa hivi bado iko mikononi mwako. Bila nafasi hiyo ndogo fundisho zima la karma halina kazi.

Kuna mfano wa chumvi ambao nawaomba mkaufanye nyumbani, mbele ya watoto. Chukua kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kama gramu 6. Kikoroge kwenye kikombe cha maji cha robo lita, kisha onja. Hiyo ni gramu 24 kwa lita. Maji ya bahari yana kama 35. Utatema. Sasa chukua kijiko kingine kama hicho, kikoroge kwenye ndoo ya lita 20, uonje. Hapo ni gramu 0.3 kwa lita, na wengi hawataigundua. Buddha alitumia kikombe na mto Ganga. Alisema watu wawili wanaweza kutenda kosa dogo lilelile, mmoja likamzamisha na mwingine lisimguse sana, kwa kuwa wa pili amekuza maji: ameulea mwili wake, tabia yake, moyo wake na akili yake. Chumvi haikutolewa. Hakuna aliyesema uingize mkono kwenye ndoo utafute punje. Kazi ni kuongeza maji.

Hapa ndipo shukrani inapoingia, maana ni mojawapo ya njia za haraka za kuongeza maji. Na hapa tena neno letu linahitaji kunolewa kidogo. Kwa Kiswahili cha kila siku "nashukuru" limekuwa salamu. Habari za kazi? Tunashukuru. Mgonjwa anaendeleaje? Tunashukuru. Ni adabu nzuri, isipotee. Lakini neno la Kipali la mtu mwenye shukrani lina sehemu mbili. Ya kwanza ni katannu: anayejua kilichotendwa. Ya pili ni katavedi: anayekidhihirisha alichotendewa, kwa kukisema na kukilipa. Buddha alisema watu wa namna mbili ni adimu duniani, yule anayetangulia kutenda wema na huyu anayejua alichotendewa akaudhihirisha. Kwa lugha yetu wa pili ni mlipa fadhila. Aliyekosa sehemu zote mbili tunamjua. Asante yake ni ya punda.

Angalieni sehemu ya kwanza: anayejua. Shukrani inaanzia kichwani, kwenye kumbukumbu, kabla ya kufika moyoni. Huhitaji kusisimkwa. Unahitaji kukumbuka nani alifanya nini, lini, kwa gharama gani.

Katika maandiko ya nidhamu ya watawa kuna kisa cha mzee mmoja wa mji wa Rajagaha, huko India, aitwaye Radha. Alitaka kuwa mtawa, watawa wakamkatalia, akakonda mpaka mishipa ikatokeza. Buddha alipomwona akawauliza watawa: kuna yeyote anayekumbuka jema lolote alilotendewa na mzee huyu? Sariputta, aliyekuwa mwanafunzi mkubwa wa Buddha, akajibu: mimi nakumbuka, nilipokuwa nikipita kuomba chakula hapa Rajagaha, alinitilia upawa mmoja. Upawa mmoja wa chakula! Buddha akamsifu na kumwagiza ampokee mzee. Siku hiyohiyo utaratibu wa kupokea watawa ukabadilishwa: badala ya mtu kutamka tu mara tatu kwamba anakimbilia kwa Buddha, kwa fundisho na kwa jumuiya, ombi likawa linatangazwa mbele ya kikao na kurudiwa mara tatu, na ukimya ukahesabiwa kuwa ni kukubali. Taratibu hizo zinatumika hadi leo katika nchi kama Thailand, Myanmar na Sri Lanka. Wali wa upawa mmoja umesafiri mbali.

Juu ya wazazi lugha ilikuwa kali zaidi. Mtu akimbeba mama yake begani upande mmoja na baba yake upande wa pili, akawatunza hivyo miaka mia, akiwaogesha na kuwakanda, bado hajamaliza kulipa. Kijana akisikia hivyo anaweza kukata tamaa: deni lisilolipika la nini kulihangaikia? Buddha aliitaja njia. Anayemsaidia mzazi asiye na imani akaipata, mwenye tabia mbaya akaiacha, mchoyo akawa mtoaji, asiye na hekima akaanza kuona, huyo amelipa na kuzidisha. Mnisamehe, lakini sehemu hiyo vijana huipenda mno, wanaenda nyumbani kumhutubia baba. Kuna wajibu mwingine ulioandikwa kwa ajili ya watoto, na unaanza na kuwalisha waliotulisha.

Sasa nije kwenye zoezi lenyewe, na hapa nitakaa.

Japani kulikuwa na mfanyabiashara wa karibu na mji wa Nara, Yoshimoto Ishin, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki 1988. Alikuwa muumini wa Jodo Shinshu, tawi la Ubuddha lililoenea sana huko. Ndani ya tawi hilo kulikuwa na zoezi kali la kujichunguza, mtu akijifungia bila kula, bila kunywa na bila kulala. Yoshimoto alilipitia, kisha akatoa ukali wote, akaacha mfupa wake tu, akauita Naikan, maana yake kutazama ndani. Katika miaka ya 1950 lilishaingia mpaka magerezani.

Kwa ukamilifu wake huchukua wiki nzima. Mtu anaketi pembeni ya chumba nyuma ya kiambaza cha kukunja, tangu kama saa 11 na nusu alfajiri mpaka saa 3 usiku. Hakuna simu wala redio, na hakuna kuzungumza na wenzake. Kila baada ya saa moja au mbili msikilizaji anakuja, anainama, anauliza: wakati huu umemchunguza nani, na kipindi gani? Mtu anajibu kwa dakika chache. Msikilizaji hamshauri wala hampi pole, anashukuru na kumpangia kipindi kinachofuata. Anaanza na mama, au yeyote aliyemlea, kwa vipande vya miaka michache michache tangu utotoni, kisha baba, kisha wengine.

Maswali ni matatu. Nilipokea nini kwa mtu huyu? Nilimpa nini? Nilimsumbua vipi? Muda nao unagawanywa: sehemu moja ya tano kwa swali la kwanza, moja ya tano kwa la pili, na tatu zilizobaki kwa la tatu. Mtaona la nne halipo, yeye alinisumbua vipi. Limeachwa kwa makusudi, kwa sababu somo hilo sote tuna shahada.

Nyumbani fanya hivi. Daftari, kalamu, saa. Dakika 30 kabla ya kulala, simu chumba kingine. Chagua mtu mmoja na kipindi kimoja, mathalani mama, nikiwa darasa la kwanza mpaka la tatu. Dakika 6, 6, na 18. Andika matukio, usiandike sifa. Hapo ndipo wengi wanakwama. Wanaandika "mama alinipenda sana", "baba alijitolea". Hayo ni maneno ya kwenye kadi ya harusi. Tukio lina mikono na vitu: alinifulia shati la shule jioni kwa kuwa lilikuwa moja, akalianika juu ya jiko likauke. Alinipeleka zahanati mgongoni usiku. Swali la pili nalo lijibiwe hivyohivyo, na mara nyingi mtu anakaa dakika sita ameandika mstari mmoja. Uache ukurasa mtupu ulivyo. Utupu huo ndio somo la usiku huo.

Kuna zoezi la pembeni ambalo Yoshimoto naye aliwapa watu, la kupiga hesabu ya gharama za kulelewa. Tuchukue chakula peke yake. Tangu ulipotimiza mwaka mmoja hadi ulipotimiza miaka 18 ni miaka 17, siku 6,205. Milo mitatu kwa siku: sahani 18,615. Tukisema nyumbani kwenu mlikula mara mbili, ni 12,410. Kila sahani ilitafutiwa fedha, ikachotewa maji, ikawashiwa moto, ikaoshwa. Ulijisevia ngapi mwenyewe? Ulimpikia aliyekupikia mara ngapi? Mtu akishaandika namba hizo kwa mkono wake, kile kilio cha "mimi nimejitengeneza mwenyewe" kinapungua sauti. Kuna wanaotaka kuongeza ada, matibabu na viatu; ruksa, ila chakula kinatosha kwa usiku wa kwanza.

Makosa yanayolivuruga zoezi hili nayajua manne, nayo hayalingani uzito.

La kwanza ni kujitetea kwenye swali la tatu. "Nilimwibia pesa, lakini naye alikuwa mkali." Kila ukiona "lakini" kwenye safu hiyo, ifute na kila kilichofuata. La pili ni kinyume chake, kujipiga. Mtu anaandika kurasa za hatia, analia, analala bila kuamua chochote. Kwa Buddha majuto ya kuzunguka-zunguka ni kimojawapo kati ya vizuizi vitano vya moyo, kiko kwenye orodha moja na uvivu. Hakuna thawabu ndani yake.

La tatu niliseme taratibu. Mtu aliyepigwa au kubakwa na mzazi au mlezi asilazimishwe kuanza na huyo mtu, na pengine asimguse kabisa bila mtaalamu karibu naye. Aanze na shangazi aliyemhifadhi, mwalimu, muuza duka aliyemkopesha sukari. Kujua ulichotendewa ni pamoja na kujua uliyotendewa mabaya. Shukrani haikufundishwa ili kumfunika mtu macho.

Na la nne linatoka nje ya daftari: wenye nguvu kuitumia shukrani kama kamba. "Shukuru una kazi." Mfanyakazi hajalipwa miezi mitatu, anaambiwa ashukuru. Katika mawaidha maarufu ambayo Buddha alimpa kijana Sigala, tajiri ana mambo matano anayodaiwa na watumishi wake: awape kazi kadiri ya nguvu zao, awape chakula na ujira, awauguze wakiugua, awagawie vitu vizuri anapovipata, na awape mapumziko kwa wakati. Wao nao wana yao matano. Deni ni la pande mbili. Anayekumbushwa shukrani na tajiri ambaye hajamlipa mshahara ana haki ya kuuliza orodha hiyo inasemaje. Na sisi tunaotoa tuna ugonjwa wetu, una jina zuri kabisa kwa Kiswahili, masimango. Umemsomesha mpwa wako, kila Idi au Krismasi unamkumbusha mbele za watu. Kwa hesabu ya karma hapo umetenda matendo mawili tofauti, la kutoa na la kusimanga, na kila moja litaiva kivyake. Buddha alisema mtoaji awe na furaha kabla ya kutoa, moyo mweupe anapotoa, na aridhike baada ya kutoa. Masimango yanaila hiyo ya tatu.

Tuje kwenye kazi, maana mliahidiwa habari ya kupata msukumo. Shukrani ikiishia daftarini ni huzuni tu. Ile sehemu ya pili, kudhihirisha, inataka miguu.

Huko Thailand wanafunzi wana siku ya kuwaheshimu walimu, karibu na mwanzo wa mwaka wa masomo, kwa kawaida Alhamisi. Wanapeleka sinia lenye vitu vinne, na vitatu kati ya hivyo viko nyuma ya nyumba zetu. Ukoka, kwa kuwa hutambaa na kuota tena hata ukikanyagwa: uvumilivu. Ua la bilingani, ambalo likikaribia kuzaa huinamisha kichwa: unyenyekevu. Ua la iksora, lile jekundu la kwenye uzio, ambalo kwa Kithai linaitwa kwa jina la sindano: akili kali. Na bisi za mpunga, zinazochanua vizuri zikifunikwa kwenye chungu, zisiruke ovyo: nidhamu. Angalieni ujanja wake. Mtoto anamshukuru mwalimu kwa kumpa picha za kazi atakayoifanya yeye mwenyewe mwaka mzima. Shukrani imegeuka ratiba.

Kuna watu wamesikia kwamba Ubuddha unakataza kutaka kitu chochote, basi motisha ni dhambi. Sivyo. Kiu inayoshikilia ina jina lake, tanha. Hamu ya kufanya jambo ina jina jingine, chanda, na hiyo ni ya kwanza kati ya nguzo nne za mafanikio: hamu, juhudi, moyo uliotulia juu ya jambo, na uchunguzi. Ananda, binamu na mhudumu wa Buddha, aliulizwa na Brahmin mmoja, mtu wa tabaka la makuhani wa India: utaiondoaje hamu kwa kutumia hamu? Akamjibu: wewe ulikuwa na hamu ya kuja hapa bustanini, umeshafika, ile hamu iko wapi?

Wanaojifunza haya kwa wiki ya kwanza huvimba kichwa, wanaamka saa tisa usiku, wanafunga, wanatoa mshahara. Wiki ya tatu wameacha vyote. Mtawa Sona, kijana wa nyumba ya kitajiri, alifanya hivyo. Alitembea akitafakari mpaka nyayo zikatoka damu, kisha akawaza bora arudi kwao akale mali. Buddha alimuuliza juu ya kinanda cha nyuzi alichokuwa akipiga zamani, kiitwacho vina: nyuzi zikikazwa mno kinalia? Hapana. Zikilegea mno? Hapana. Wapigaji udi na gambusi wa kwetu wanalijua hilo kabla ya kuambiwa. Basi anza na dakika 30 usiku tatu kwa wiki. Ukizimudu kwa mwezi, ongeza.

Kwa uchunguzi, ile nguzo ya nne, kuna mtihani aliopewa Rahula, mwana wa Buddha mwenyewe, akiwa bado mtoto. Buddha alimwonyesha kata yenye maji kidogo yaliyobaki, akasema hivi ndivyo utawa unavyobaki mdogo kwa asiyeona haya kusema uongo akijua. Akayamwaga, akaipindua kata, akairudisha ikiwa tupu, kila hatua akiuliza. Kisha akamuuliza kioo ni cha nini. Cha kujitazama. Basi, akasema, tendo nalo litazamwe hivyo: kabla ya kulifanya, unapolifanya, na ukishalifanya. Je, litanidhuru, au litamdhuru mwingine, au sote? Kabla: likionekana la madhara, usilifanye. Katikati: likionekana hivyo, liache hata kama umeshafika nusu. Baada: kama ni la mwili au ulimi, lifunue kwa mwalimu au kwa wenzako wenye busara, ujizuie siku zijazo; kama lilikuwa wazo tu, lichukie, yatosha.

Na kama lilikuwa jema? Hapa wengi hawafiki, wameshazoea kujikagua kwa ajili ya makosa tu. Rahula aliambiwa akae na furaha, aendelee kujifunza usiku na mchana. Furaha hiyo ndiyo mafuta ya taa. Wabuddha wameiwekea hata neno la kutamkwa: mtu akitoa sadaka, waliopo wanasema "sadhu" mara tatu, yaani vyema. Utalisikia Colombo, Sri Lanka, na utalisikia karibu na Entebbe, Uganda, kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Anayefurahia wema wa mwenzake naye anahesabiwa ametenda jema, kwa sababu gani? Kusudi. Tumerudi kule kule kwenye kikombe kilichovunjika. Sasa jiulize ni mara ngapi wiki hii umeandika "karma" chini ya anguko la mtu, na mara ngapi umeandika "vyema" chini ya jema lake. Matendo yote mawili yalichukua kidole kimoja.

Basi kazi ya usiku wa leo. Mtu mmoja, miaka mitatu ya maisha yako, dakika 30. Chini kabisa ya ukurasa, baada ya swali la tatu, andika tendo moja la kesho kabla ya saa sita mchana: kumpigia simu, kurudisha elfu kumi, kumpelekea dawa. Kama amefariki, mtendee aliye hai ambaye yeye angemtendea. Usiku wa tatu au wa nne utahisi huna cha kukumbuka tena. Hapo badilisha mtu, hamia kwa aliyekufundisha kusoma, kwa kuwa kumbukumbu ya mzazi inahitaji kupumzika ili ifunguke upya.

Maswali tuanzie nyuma kule, karibu na mlango, kwa waliosimama tangu mwanzo.